Maswali ya Wasomaji: Nimemkosoa polisi mtandaoni, kosa langu ni lipi?

Tangu Juni 2025, barua zinazofika kwenye safu hii zimekuwa zikirudia jambo moja kwa namna nyingi: raia anaandika mtandaoni kuhusu polisi, kisha anaanza kuogopa simu yake inapolia. Toleo hili nimelitenga kwa barua hizo. Majina ya waandishi nimeyaficha kwa ombi lao, na mahali ambapo barua ilitaja kituo au afisa kwa jina nimefuta, kwa sababu upande wa pili haujapata nafasi ya kujieleza.

Mimi ni mwendeshaji bodaboda katika kaunti ya Kilifi. Wiki tatu zilizopita niliwarekodi kwa simu maafisa wawili wa trafiki wakipokea noti kutoka kwa utingo wa matatu. Niliiweka video kwenye Facebook na kuandika kwamba hawa ni wala rushwa wanaolipwa kwa kodi zetu. Jana mtu aliyejitambulisha kuwa askari alinipigia akaniambia nifike kituoni kwa mazungumzo kidogo, na nije na simu yangu. Je, niende? Na nimevunja sheria gani?

Ndugu yangu, naanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Hakuna sheria ya Kenya inayomkataza raia kumrekodi polisi akiwa kazini barabarani. Makatazo ya kupiga picha yaliyopo yanahusu maeneo yaliyotangazwa rasmi kuwa ya ulinzi, na barabara kuu si mojawapo. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inakupa uhuru wa kujieleza, ikiwa ni pamoja na kutafuta, kupokea na kutoa habari. Uhuru huo haujumuishi propaganda za vita, uchochezi wa fujo wala matamshi ya chuki, na unakutaka uheshimu sifa za wengine. Katika mipaka yote hiyo sioni mahali palipoandikwa kwamba afisa wa umma hakosolewi.

Inafaa pia ujue kwamba vifungu ambavyo zamani vilitumiwa kuwakamata watu kama wewe vimekwisha kung'olewa na Mahakama Kuu kimoja baada ya kingine. Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kilichoharamisha matumizi yasiyofaa ya mtandao wa simu kwa maneno mapana kiasi kwamba hata karaha ya mtu mmoja ilitosha kukupeleka kizimbani. Februari 2017, Jaji John Mativo alibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa jinai. Miezi miwili baadaye, katika kesi ya mwanablogu Robert Alai, Jaji Chacha Mwita akakiondoa kifungu cha 132, kilichoadhibu kile kilichoitwa kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma. Hicho cha mwisho naomba ukikumbuke kwa namba, maana ndicho hasa kilichokuwa kikimkinga afisa asisemwe.

Iliyobaki ni sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni ya 2018. Ilipotungwa, vifungu vyake vya 22 na 23 vilihusu uchapishaji wa habari za uongo, na adhabu zake zilikuwa nzito: faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 2 kwa kifungu cha kwanza na hadi miaka 10 kwa cha pili, au vyote viwili. Vifungu hivyo vimekuwa vikipiganiwa mahakamani tangu Mei 2018, na wakili wako atakueleza vimefikia wapi siku utakapomwona. Hata hivyo, isome lugha yake vizuri: inamlenga anayechapisha uongo kwa kukusudia. Anayeonyesha kilichotokea mbele ya macho yake hayumo.

Hapo ndipo nina neno la kukuambia kuhusu maandishi yako, si video yako. Nimeitazama ile uliyoniambatishia. Inaonyesha mkono unatoka dirishani ukiwa na noti iliyokunjwa mara mbili, na mkono wa afisa ukiipokea na kuingia mfukoni. Haionyeshi noti ile ilikuwa ya nini. Sina shaka kuhusu unachoamini, na nikisema ukweli, naamini vivyo hivyo. Lakini ungeandika mahali, saa na kilichoonekana, kisha ukauliza swali, usingempa mtu yeyote pa kukushikia. Picha hiyo ina nguvu ya kutosha bila neno la hukumu juu yake.

Sasa kuhusu kwenda kituoni. Kifungu cha 52 cha sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi kinamruhusu afisa kumwita mtu anayedhaniwa kuwa na habari zinazohusu uchunguzi, ila kinataka wito huo uwe wa maandishi, na uwe wa kituo kilichomo katika kaunti unakoishi au uliko wakati huo. Simu ya mtu asiyetaja jina, cheo wala kosa linalochunguzwa haitimizi sharti hilo. Mwombe kwa adabu akutumie wito ulioandikwa. Wito huo ukikufikia, usiupuuze, kwa sababu kuupuuza bila udhuru ni kosa. Nenda na wakili, au angalau mtu mzima unayemwamini ambaye atakaa pale kaunta mpaka utoke. Uliza kama malalamiko yameandikwa kwenye kitabu cha matukio na uchukue nambari ya OB. Video yenyewe ihifadhi mahali pawili kabla hujaondoka nyumbani, na usiifute hata ukishawishiwa, maana ndiyo ushahidi wako.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawafanyi: ipeleke video hiyo kwa wenye kazi ya kuichunguza. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi inashughulikia hongo, na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ambayo wengi tunaiita IPOA, iliundwa kwa sheria ya 2011 ili malalamiko dhidi ya polisi yasiishie mikononi mwa polisi. Kwa msomaji wa Kilifi, ofisi yake ya Mombasa ndiyo iliyo karibu.

Mwanangu yuko chuo kikuu na haachi kuandika kwenye X kuhusu maafisa wakubwa. Tangu nisikie ya yule mwalimu wa Homa Bay silali. Baba yake anasema tumnyang'anye simu. Wewe ungefanya nini? — Mama, Nyali

Mama, pole sana. Hofu yako si ya mtu aliyekosa kazi, na sitakuambia uiondoe kwa maneno matamu.

Kwa wasomaji wasiokumbuka vizuri, Albert Ojwang alikuwa mwalimu na mwanablogu. Alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kuhusiana na machapisho ya mtandaoni yaliyomhusu Naibu Inspekta Jenerali Eliud Lagat, akasafirishwa kwa mamia ya kilomita hadi Nairobi na kuwekwa seli katika Kituo Kikuu cha Polisi. Baba yake alimfuata akiwa amebeba hatimiliki ya shamba, akitumaini itakubaliwa kuwa dhamana. Alifika akaambiwa mwanawe amefariki. Polisi walisema kijana alijigonga kichwa ukutani mwa seli. Siku chache baadaye wataalamu waliochunguza maiti walieleza kwamba kichwa kilikuwa na majeraha, shingo ilikuwa imebanwa, na mwili ulikuwa na michubuko mingi, mambo ambayo hayalingani na mtu aliyejiumiza mwenyewe. Tarehe 11 Juni, Inspekta Jenerali Douglas Kanja aliomba radhi mbele ya Seneti kwa maelezo yale ya kwanza. Tarehe 16 Juni, Lagat alitangaza kukaa kando kupisha uchunguzi. Baadaye maafisa wa polisi pamoja na watu wengine walishtakiwa kwa mauaji. Walikana, na ni haki yao kuhesabiwa hawana hatia mpaka mahakama iseme.

Nimeyaandika haya kwa mpangilio kwa sababu mjadala mwingi uliishia kwenye kifo, na ilistahili. Lakini kosa lilianza mapema zaidi, mchana ule pale nyumbani, wakati hakuna aliyekuwa ameguswa. Mlalamikaji alikuwa mkubwa katika Huduma ya Polisi. Waliopokea malalamiko walikuwa walio chini yake. Waliosafiri kukamata, waliosafirisha na waliofungua mlango wa seli, wote walikuwa wa nyumba ile ile. Wahenga waliliona hili kabla ya simu kuwepo, wakasema kesi ya ngedere, hakimu nyani. Hata kama malalamiko yale yangekuwa ya haki kabisa, na mtu yeyote ana haki ya kulinda jina lake, kashfa ilikuwa imekoma kuwa jinai nchini Kenya miaka 8 kabla ya siku hiyo. Njia ya afisa aliyechafuliwa ilikuwa kesi ya madai, kwa wakili wake na kwa gharama zake, kama mimi na wewe. Pingu hazikuwa na kazi pale.

Kwa hiyo simu ya kijana sitakushauri umnyang'anye. Ataazima ya mwenzake, na safari hiyo hutajua anaandika nini. Keti naye umwambie mambo machache kwa utulivu. Aandike anachoweza kukithibitisha na ahifadhi chanzo chake. Amkosoe afisa kwa kazi yake, asiguse familia wala kabila lake, kwa kuwa hapo matamshi ya chuki ni kosa kweli na sitamtetea. Awe na nambari ya wakili iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Ajifunze Ibara ya 49 kwa moyo: anayekamatwa huelezwa sababu mara moja kwa lugha anayoifahamu, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika, na hufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya mahakama inayofuata iwapo saa hizo zitaishia siku isiyo ya kazi.

Na ninyi wazazi mnayo sehemu yenu. Mtu akikamatwa, mfuateni saa hiyo hiyo, hata usiku. Ulizeni kituo anachopelekwa, andikeni nambari za gari, takeni mwonane naye, na msikubali kurudi kulala kwa ahadi ya asubuhi. Nasema hivi nikijua kwamba baba wa Ojwang alifanya yote yaliyo katika uwezo wa mzazi.

Je, polisi wanaweza kuifungua simu yangu na kusoma WhatsApp bila idhini yangu? — Msomaji, Nakuru

Kwa kawaida, hapana. Ibara ya 31 inalinda faragha ya mawasiliano yako, na kifungu cha 48 cha sheria ile ya 2018 kinamtaka afisa aombe kibali cha mahakama kabla ya kupekua data iliyohifadhiwa kwenye kifaa. Omba uonyeshwe kibali na ukisome. Simu ikichukuliwa, hakikisha imeandikwa kuwa imechukuliwa, kwa aina yake na hali yake. Usipigane nao kuing'ang'ania. Pingamizi lako lina nguvu zaidi mbele ya hakimu kuliko kaunta.

Sisi wa upande huu wa mpaka tunawasoma kila toleo. Je, haya unayowaambia Wakenya yanatufaa na sisi? — Msomaji, Tanga

Kiasi tu, na ni vizuri nikuambie mapema usije ukajitetea kwa Katiba isiyo yako. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakupa uhuru wa maoni, lakini kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kilipotungwa kiliweka kwa taarifa za uongo adhabu yenye kima cha chini: faini isiyopungua shilingi milioni 5 za Tanzania, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Desemba 2016, Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji waliokuwa wakifichua maovu, na kesi zake zilidumu kwa miaka. Mei 2025, akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye X ilidukuliwa na kutumiwa kusambaza uongo na picha chafu; mtandao wenyewe wa X ukawa haupatikani nchini. Wadukuzi walikuwa wachache, na waliozimiwa ni wananchi wote, pamoja na wale waliokuwa wakiutumia kuwaeleza polisi matatizo yao. Kabla hujachapisha lolote zito, zungumza na wakili wa huko.

Mimi ni konstebo. Kuna picha yangu inazunguka mtandaoni ikisema kwamba nilimpiga risasi kijana katika maandamano. Siku hiyo nilikuwa likizoni kwetu. Wametuma nambari ya simu ya mke wangu, na kuna walioandika kwamba watachoma nyumba yetu. Mkubwa wangu anasema ninyamaze itapita. Unawatetea raia kila mwezi. Je, sisi hatuna haki?

Bwana Konstebo, mnazo, na nakushukuru kwa kuandika. Barua yako nimeisoma mara tatu. Yaliyokupata si ukosoaji. Kumwambia polisi kwamba amefanya vibaya ni ukosoaji, hata kwa maneno makali na hata kwa kukosea. Kutishia kuua au kuchoma ni jinai kwa sheria zetu, awe anayetishiwa ni muuza mchicha au ni afisa. Nambari ya mkeo nayo inalindwa na sheria ya ulinzi wa data ya 2019, naye hakuapa kiapo chochote cha utumishi.

Mkubwa wako amekosea kukuambia unyamaze, ingawa naelewa alikotoka. Vyombo vyetu vya usalama vina mazoea ya njia mbili tu: ama kimya, ama kukamata. Kuna njia ya tatu, na niliiona kwa macho yangu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika kituo kimoja cha mji wa pwani kumwekea dhamana kijana wa jirani. Alikuwa amepiga picha ya gari la polisi lililokuwa limeegeshwa mbele ya lango la zahanati na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, akaandika kwamba mama mjamzito ameshushwa barabarani kwa sababu yao. Nilikaa kwenye benchi la mbao kuanzia saa mbili asubuhi. Afisa aliyemleta ndiye aliyekuwa dereva wa gari lile. Alikuwa na karatasi iliyochapishwa picha ya skrini, wino umefifia hata maneno hayasomeki, na kila alipoulizwa kosa ni nini aliinyoosha karatasi ile juu ya kaunta kwa viganja viwili, kana kwamba ikinyooka kosa litaonekana. Nyuma yake ukutani palikuwa na tangazo kwamba dhamana hurejeshwa na huduma zote ni bure. Mnamo saa sita mkuu wa kituo akaingia, akaisoma, akamgeukia kijana akamuuliza swali moja: gari lilikuwa mbele ya lango lipi? Alipojibiwa, alimtuma mtu kulitazama. Kijana aliondoka kabla ya adhuhuri kwisha bila shtaka. Jioni ile, katika kikundi kile kile, mkuu wa kituo aliandika kwamba gari limeondolewa, kwamba halitaegeshwa pale tena, na kwamba anawashukuru waliotoa taarifa. Waliokuwa wakitukana tangu asubuhi walinyamaza, na siku zilizofuata watu wale wale ndio waliokuwa wakimpelekea habari za wizi wa pikipiki.

Ibara ya 244 inaitaka Huduma ya Polisi ikuze uhusiano mwema na jamii, na mimi sijui tafsiri ya Ibara hiyo iliyo bora kuliko ujumbe ule wa mistari mitatu.

Kwa hiyo kudai kwako kuwe hivi. Mwandikie mkubwa wako rasmi, ukiambatisha kibali chako cha likizo na orodha ya zamu ya siku ile, ukiomba Huduma itoe taarifa yenye tarehe inayosema wazi kwamba aliye pichani hakuwa kazini siku hiyo. Taarifa isiyo na ushahidi haitawasaidia, hasa baada ya yaliyosemwa kuhusu ukuta wa seli, kwani watu sasa wanataka waone karatasi. Tena taarifa hiyo isiishie kukusafisha wewe. Kijana alipigwa risasi na mtu, na familia yake inastahili kuambiwa kwamba IPOA inamtafuta mhusika na polisi wanatoa ushirikiano. Ukisema si mimi na taasisi yako ikakaa kimya kuhusu ni nani, umma utaendelea kuishika picha yako kwa kuwa ndiyo pekee waliyonayo.

Vitisho viripoti, lakini si katika kituo unachofanyia kazi, na usikubali wenzako wajitolee kumtafuta aliyeanzisha uvumi. Najua watajitolea kwa mapenzi. Wakataze. Uchunguzi uongozwe na afisa asiyekujua, na kama kuna haja ya kumtambua mwenye akaunti, aiombe mahakama amri ya kutolewa kwa data. Upande wa jina lako, mwone wakili kuhusu kesi ya madai ya kashfa. Aanze kwa barua ya kudai chapisho liondolewe na radhi itolewe, kwa kuwa mara nyingi jambo huishia hapo. Usichelewe, maana kesi ya kashfa nchini Kenya haina budi kufunguliwa ndani ya miezi 12, na kwa tarehe uliyonitajia, miezi minne imekwisha kupita.